Kabla hujashika patasi: namna ya kushiriki shindano la sanamu kwenye uwanja wa shule

Mara ya kwanza nilipoingia shindano la namna hii, sanamu yangu ilikwama getini. Nilikuwa nimetengeneza mama aliyebeba tenga la viazi kichwani, urefu mita mbili na nusu. Tukamsimamisha kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukamfunga kamba pande zote, tukaondoka naye taratibu. Kufika shuleni, tao la geti liko chini kuliko tenga. Kumlaza haiwezekani, maana plasta ya shingo ilikuwa ya siku nne tu. Tukakaa pale nje saa nzima na zaidi, wanafunzi wamejaa madirishani, mpaka mzee wa zamu getini akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, si ungekuja kupima kwanza?"

Karibu yote ninayoyaandika hapa yametokana na swali la yule mzee. Huku kwetu nyanda za juu kusini, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe na Mbeya, mafundi wenye mikono wapo wengi. Kinachowaangusha wengi ni kwamba wanamaliza sanamu karakana ndipo waanze kuitafutia mahali pa kusimama. Sanamu ya nje inaanza na kiwanja. Na kiwanja cha shule kina wenyewe, mamia yao, na wengi wao bado wanapanda juu ya miti.

Soma tangazo mara tatu

Mada, ukubwa unaoruhusiwa, tarehe ya mwisho na nani anaruhusiwa kushiriki, hayo kila mtu huyaona. Yanayopitwa ni matatu.

La kwanza: sanamu inabaki shuleni au unaondoka nayo? Jibu hilo linaamua msingi wote. Inayobaki unaifunga kwenye zege moja kwa moja. Inayoondoka unaitengenezea bamba la chuma chini na kuikaza kwa bolti, la sivyo siku ya kuichukua utaivunja miguu mwenyewe.

La pili: unaitengeneza palepale au unaileta ikiwa tayari? Kama ni palepale, uliza umeme uko umbali gani na kiwanja, maji yanatoka siku zipi, na vifaa vinalala wapi usiku. Uliza pia kalenda ya shule. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba, kidato cha nne Novemba, na hakuna mkuu wa shule atakayekuvumilia ukiwasha grenda nje ya chumba cha mtihani. Likizo ya Juni mpaka mwanzoni mwa Julai ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: uwanja mtupu, mvua hakuna. Baridi tu ndiyo itakutesa.

La tatu ni hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mwanzo katika kazi ya sanaa ni ya aliyeibuni. Kumwachia mtu sanamu na kumwachia haki ya kuinakili au kuchapa picha zake kwenye kalenda ni vitu viwili tofauti. Ukikuta kwenye fomu sentensi inayosema haki zote zinahamia kwa waandaaji, usisaini ukiwa umesimama. Nenda nayo nyumbani, uliza COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania), au muulize afisa utamaduni wa halmashauri yako. Huyo afisa ni wa kufahamiana naye mapema hata hivyo, kwa sababu ndiye mlango wa karibu wa kukuelekeza usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama waandaaji wanaudai.

Nenda ukaone kiwanja

Piga simu kwanza, omba miadi kwa mkuu wa shule, au kwa mwalimu mkuu kama ni ya msingi. Usiingie kwa mlango wa nyuma kwa sababu tu unamjua mwalimu wa sanaa. Ukishapiga hodi na kutoa shikamoo zako, chukua futi ya fundi, daftari na chupa tupu ya maji, kisha pima kwa mpangilio ambao mzigo utapita: barabara, geti (upana na urefu, hasa likiwa na tao), kona ya jengo la utawala, matawi ya miti, nyaya za umeme. Ndipo ufike kwenye kiwanja chenyewe.

Pale kiwanjani kaa mpaka kengele ya mapumziko ilie. Hili sikusikia kwa mtu, nimelijua kwa kukosea. Kengele ikilia utaona njia za mkato ambazo watoto wamezichora kwenye majani kwa miguu yao miaka nenda rudi. Sanamu ukiiweka juu ya njia hiyo, wataigonga kila siku. Utaona mpira unaangukia wapi, na kivuli kipi ni cha nani. Mwalimu wa zamu atakuonyesha bomba la maji linapopita chini. Mlinzi atakuonyesha maji ya mvua yanapotuama, na huyu mara nyingi anajua kuliko wote.

Halafu jua. Sisi tuko kusini ya ikweta, Mbeya karibu nyuzi 9, Iringa karibu nyuzi 8. Mwezi wa sita saa sita mchana jua linakuwa upande wa kaskazini, limeinama zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini. Sanamu iliyotazama kusini msimu huo uso wake uko kivulini mchana kutwa, na majaji wataona kichwa cheusi tu. Desemba jua linahamia kusini kidogo, karibu na utosini, na hapo macho yanazama chini ya nyusi kwa yeyote uliyemchonga. Kwa hiyo uliza majaji wanapita lini na saa ngapi. Wakipita Juni au Julai, geuza uso kaskazini, au mashariki kama wanapita asubuhi. Na popote pale, chonga macho na mdomo kwa kina kuliko unavyofanya kwa kinyago cha mezani. Mwanga wa nje hauna huruma, unafuta mistari myembamba yote.

Chora kivuli kabla ya umbo

Chukua mkaa, chora sanamu yako yote iwe nyeusi tititi, bila macho wala mikunjo ya nguo. Bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua 30. Ukiona donge, wazo halijaiva. Ukitambua mtu anafanya nini, endelea. Sanamu ya nje inaonekana kwanza kwa mbali, na watu waliotoka kwenye vinyago vya kushika mkononi husahau hilo. Wamakonde wanaochonga ile mitindo ya ujamaa, watu wamepandana mmoja juu ya mwingine, wanaweza kujaza nyuso arobaini kwenye mpingo mmoja kwa sababu mtazamaji yuko karibu, anaizungusha kazi. Uwanjani utapata muda wa mtu anayepita na begi lake.

Baada ya mchoro finyanga mfano mdogo, kipimo cha moja kwa kumi: sanamu ya mita mbili inakuwa sentimita 20. Udongo mzuri utaupata kwa mfinyanzi yeyote. Aliye karibu na Kyela ana bahati, maana sokoni Matema atawakuta akina mama wanaouza vyungu vya Wakisi, na ukiwasalimia vizuri wanakueleza udongo wao unavyochanganywa. Kaushia kivulini, si juani. Mfano huu ndio utakaoupiga picha pande nne kwa ajili ya fomu, na ndio utakaokuambia mapema kama sanamu inaegemea upande mmoja. Usimame wenyewe mezani bila kushikwa. Ukianguka ukiwa na sentimita 20, jiulize utakuwaje ukiwa na mita mbili.

Uchague nini: mti, chuma au saruji

Mti ndio wengi wetu tunaujua na ndio unaosumbua zaidi nje. Msindano wa Mufindi ni rahisi kupatikana na ni laini kuchonga, ila ukikaa wazi kwenye mvua na ardhi yetu utaliwa na mchwa au kuoza upesi. Mkaratusi una nguvu iliyojibana ndani. Ukiupasua tu unaanza kujikunja na kuchanika. Mparachichi utapewa bure kila ukiuliza, Rungwe na Njombe ipo ya kumwaga, lakini huo ni wa vijiko na bakuli. Kati ya miti yetu, mninga ndio ninaouamini: haujikunji sana ukikauka, na unavumilia nje. Tatizo ni bei, na gogo lake halisafiri bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Shughulikia hiyo hati kabla hujatafuta gari.

Mti wowote utakaotumia, epuka kuchonga gogo zima lenye moyo wake katikati. Likikauka, nje inasinyaa kuliko ndani, na ufa utafunguka kuanzia kwenye gome mpaka moyoni, kwa kawaida usoni mwa sanamu. Gogo linakauka polepole sana, kadiri ya mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo lile ulilokata mwezi uliopita bado ni bichi hata kama linagonga kama kavu. Pasua gogo, toa moyo, au chimba mgongoni lipate pa kupumulia. Chini ipakwe oili chafu au dawa ya mchwa, na isiguse udongo kabisa. Iinue juu ya zege.

Onyo moja: usichonge vipande vya nguzo za umeme, zile zenye rangi ya kijani. Zimewekwa dawa yenye sumu, arseniki ikiwemo kwa nyingi, na vumbi lake hutaki liingie kifuani mwako wala watoto wakae juu yake. Zaidi ya hapo, dawa imeishia nje tu. Ukikata kufika ndani umeshafungulia mchwa mlango.

Chuma kina raha yake. Gereji yoyote ya bodaboda ina cheni, sproketi na springi za kutosha kutengeneza ng'ombe. Lakini kutu. Wapo wanaoniambia, mbona Kimondo cha Mbozi kipo nje miaka yote na hakijaisha? Kile ni karibu asilimia 90 chuma na zaidi ya asilimia 8 nikeli, na kina tani zaidi ya kumi. Kutu ikila kidogo hakuna anayeshtuka. Cheni yako ya pikipiki haina nikeli ya kujivunia, na unene wake ni milimita chache. Osha mafuta yote kwa petroli au sabuni ya unga, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Kila bomba lililo wazi juu lizibe, na chini liachie tundu la maji kutoka. Maji yakikaa ndani ya bomba, utaona sanamu imependeza mwaka mzima halafu siku moja mguu unakatika.

Saruji juu ya nondo na wavu wa kuku ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Usimwage donge zima: nguzo ya zege ya sentimita 50 kwa 50 yenye urefu wa mita mbili inafika kilo 1,200, na hakuna kirikuu itakayoibeba. Tengeneza mifupa ya nondo za milimita 12, ivishe tabaka mbili za wavu wa kuku, ufunge kwa waya laini kila sentimita 10 au 15, kisha siliba plasta ya unene wa sentimita tatu hivi, ndani kukiwa wazi. Vipimo ni ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga, na maji kidogo kadiri unavyoweza kufinyanga. Mchanga uupime kwa ile chupa tupu uliyoibeba: weka mchanga mpaka nusu, jaza maji, tikisa, acha ukae usiku. Ukikuta tope limelala juu ya mchanga kwa unene wa kidole, tafuta mchanga mwingine au uoshe.

Halafu fanya kazi ambayo mafundi wanaidharau: kumwagilia. Funika kwa magunia mabichi siku saba bila kukosa, asubuhi na jioni. Baridi ya Juni ya Mafinga au Makete inachelewesha saruji kukomaa, kwa hiyo huko hesabu siku kumi, na nguvu yake kamili inakuja baada ya siku 28. Yule mama yangu wa tenga angekuwa na wiki mbili tu, tungemlaza na kumpitisha.

Watoto watapanda

Nilimwambia mlinzi wa shule nyingine kwamba tutaweka kibao cha "Usipande". Akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, hawa wanapanda mlingoti wa bendera, watakuogopa wewe?" Tangu siku hiyo nachora nikijua watapanda.

Mkono ulionyooka nje ni bembea. Uufunge kwa nondo iliyotoka kiunoni ikapita begani mpaka kwenye vidole, isiwe kipande kilichochomelewa begani tu. Kabla sijakabidhi, mimi na vijana wangu wawili tunaning'inia kwenye mkono huo kwa pamoja na kujitikisa. Mkono ukilia, tunaubomoa. Inauma, lakini bora uume kwetu.

Matundu nayo yana hesabu yake. Nafasi kati ya sentimita 9 na 23 ndiyo hatari, kwa sababu mwili wa mtoto unapita na kichwa kinakwama. Vipimo hivi ndivyo vinavyotumika kwenye viwanja vya michezo ya watoto duniani. Kwa hiyo tundu liwe dogo kuliko sentimita 9 au kubwa kuliko 23. Pembe ya mkono na kiuno, kwato za ng'ombe, mbavu za chuma, pima zote. Ncha za nondo zikatwe na kuzamishwa ndani ya plasta. Makali ya bati yakunjwe, sio kupigwa tupa tu. Pitisha kitambaa laini kwenye sanamu nzima, juu hadi chini. Kikinasa mahali, ngozi ya mtoto itachanika hapohapo.

Na kama unafikiria mnara mrefu wa chuma peke yake katikati ya uwanja, fikiria pia radi zetu za kuanzia Novemba mpaka Aprili, na mtoto aliyekimbilia kujikinga mvua chini yake. Mnara huo usogeze karibu na majengo marefu au uufanye mfupi.

Fomu, picha na bajeti

Maelezo ya sanamu yawe mafupi. Aya moja: ni nini, kwa nini pale, imetengenezwa kwa nini. Ukianza kuandika "sanamu hii inaashiria umoja, upendo na maendeleo", jaji ameshasoma hayo kwenye fomu ishirini kabla yako. Andika kitu kinachoonekana: "Mama ameshusha tenga, anajinyoosha mgongo. Watoto wanaweza kukaa ndani ya tenga." Basi.

Bajeti iwe ya kweli na igawanywe: malighafi, usafiri wa kwenda na kurudi, msingi, wasaidizi, chakula chao, turubai, rangi ya mwisho. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yasiyotarajiwa. Uliza bei dukani siku hiyohiyo unayoandika, kwa sababu mfuko wa saruji ukifika Makete sio bei ya Mbeya mjini. Ambatisha ukurasa mmoja wa usalama: uzito, urefu, msingi, vipimo vya matundu. Wengi hawauweki. Mwenye shule anayeogopa wazazi atausoma huo kuliko mchoro wako.

Kupeleka na kusimamisha

Pakia ikiwa imelala juu ya magodoro chakavu au maranda yaliyojazwa kwenye viroba, kichwa kikitazama mbele. Kwenye miteremko kama Kitonga au ya kushuka Tukuyu, kamba hulegea, simama ukaze.

Msingi wa sanamu ya mita mbili ninauchimba sentimita 60 kwenda chini na 80 kwa 80 upana. Kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano, kama ule wa kuzunguka Rungwe, ninaongeza kina. Chini mawe, juu zege, nondo za miguu zimepinda kama ndoana ndani yake. Msingi umwagwe angalau wiki moja kabla ya sanamu kufika. Omba ruhusa ya hilo kwa maandishi. Siku ya kusimamisha tumia timazi pande mbili, sio jicho. Uwanja wenyewe una mteremko, jicho litakudanganya. Uso wa zege umalizike ukiwa na mwinuko kidogo katikati ili maji yasilale miguuni.

Acha eneo likiwa safi kuliko ulivyolikuta. Waya mmoja kwenye majani utamchoma mtoto anayecheza peku, na jina lako litatajwa hapo shuleni kwa miaka.

Majaji wakija

Simama pembeni, usimfuate jaji. Akiuliza, jibu swali lake tu. Kuwa na mfano mdogo wa udongo na picha za mifupa ya nondo ndani, kwa sababu hicho ndicho kisichoonekana tena. Usipake vanishi asubuhi ya siku hiyo. Nimeona mtu amefanya hivyo, na jaji akaondoka na mkono wa shati la kaki unaonata.

Ukikosa nafasi, omba maoni yao kwa adabu, na uyaandike. Ukishinda, pata barua ya makabidhiano yenye saini: sanamu iko wapi, nani anaitunza, na zawadi inalipwa lini. Bila barua hiyo nimezungushwa miezi, na mahali sitapataja.

Kama sanamu imebaki shuleni, kubaliana nao kwamba utarudi kila Oktoba kabla ya mvua. Mimi nabeba brashi ya waya, kopo la redoksaidi, saruji kidogo kwenye mfuko na nyundo ya kugonga nikisikiliza sauti. Pakilia kama debe tupu, plasta imeachia wavu. Nafika saa nne, wakati wa mapumziko, na sihitaji kutafuta palipochakaa. Yule mama wa tenga, tuliyemwingiza mwishowe kwa kubomoa matofali mawili ya tao, magoti yake yamekuwa meusi na laini kwa kukaliwa, na huwa nawasubiri washuke ndipo nianze kazi.